Joto la Chini ya Bati

Bibi alilisema mbele ya baba na majirani wawili waliokuja kwa mambo ya pamba: "Kipimo cha mjukuu wangu kikisema kule hakuna joto zaidi ya huku, nitahama."

Baba alitaka kuibomoa nyumba ya nyasi ya Bibi, aliyoiezeka babu. Mchwa walikuwa wamekula nguzo, na nyasi nzuri za kuezekea hazipatikani tena karibu na Mhunze. Alishamwandalia chumba katika nyumba ya bati. Bibi aliogopa kitu kimoja tu, joto la mchana.

Mimi nilijifunza kuandika programu peke yangu, kwenye kompyuta ya mtumba. Sikuwa na mtu wa kuniambia nimekosea, kwa hiyo nilijikagua mpaka nikajichosha. Nilikuwa na vipimo viwili vya kubandika chini ya paa, vinavyoonyesha kiasi cha joto linalopenya kuingia ndani. Kimoja kilitoa jibu kwa wati, kwa kila mita ya mraba. Cha pili, cha bei rahisi, kilitumia vizio vya kizamani vya Kiingereza, kwa kila futi ya mraba. Niliandika kipande cha programu cha kugeuza vizio hivyo, nikakijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakikuwa na kosa. Kisha nikamaliza siku tatu nikichagua rangi za mchoro.

Siku ya kupima, paa la nyasi lilitoa ishirini. La bati lilitoa kumi na nne. Nilishangaa kidogo, nikajipa sababu kwamba ni silingibodi mpya iliyofunika bati kwa ndani. Nadhani nilitaka pia baba anisifu. Nikamwambia Bibi nyumba ya bati ina nafuu.

Nyumba yake ilibomolewa asubuhi moja, nguzo zikawa kuni.

Wiki ya kwanza Bibi alisema chumba kinamchoma. Nilimfungulia kompyuta, nikamwonyesha mchoro. Aliitazama ile mistari asiyoweza kuisoma. Hakulalamika tena. Ikifika saa sita alitoka na mkeka, akawa anakifuata kivuli cha ukuta hadi jioni.

Kosa nililigundua nikitafuta kitu kingine. Kile kipande nilichokijaribu sana, sikuwa nimekitumia hata mara moja kwenye namba za bati. Ile kumi na nne ilitoka kwenye kipimo cha bei rahisi, na ilikuwa bado ya futi. Ikigeuzwa kuwa wati kwa mita, kama ile ishirini ya nyasi, ni arobaini na nne.

Nilimfuata Bibi kivulini, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Sikujua vizio vinaitwaje kwa Kisukuma, nikasema tu kwamba nilihesabu vibaya.

"Mimi nilikwambia kuna joto," alisema. "Ukaniletea picha."

Baba aliahidi kumjengea nyingine. Bibi akamjibu kwamba nyumba yake imeshapikiwa ugali. Mwezi uleule aliamua kuhamia kwa shangazi yangu, kule Masumbwe.

Nilimbebea mzigo hadi stendi. Alinishika mkono, akasema niendelee kusoma, nisikate tamaa. Ndani ya basi aliuliza ni upande gani usiopigwa jua. Nilitazama jua, nikaifikiria njia nzima kona kwa kona, nikamwambia kushoto.

Alinishukuru, akaenda kukaa kulia.