Elfu Nne kwa Elfu Mbili

Fedha za Kenya, nyumbani kwetu Kirumba, zilinukia sabuni. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama aliyeolewa Kisumu, alikuwa akisafiri nazo zimeviringishwa kwenye kitambaa pamoja na kipande cha sabuni ya kuogea, akiamini kwamba mwizi wa kwenye basi hana haja na sabuni ya mtu. Kila alipokuja kututembelea, noti zile zilitoka begini mbele ya macho yetu, na kwa muda mfupi harufu yake ilifunika ile ya dagaa ambao mama alikuwa akinunua na kuuza soko la samaki la Mwaloni, harufu iliyokuwa imeshakaa kwenye mapazia, kwenye mito na kwenye sare zetu za shule mpaka sisi wenyewe tulikuwa hatuisikii. Nilizipenda noti zile kabla sijajua thamani yake. Zilitoka mahali ambapo nilikuwa sijafika, na sikuwa na shaka kwamba nitafika kabla ya mtoto mwingine yeyote wa nyumba ile, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wangu Rejina alikuwa na kumi. Yeye alipewa jina la mama mdogo, kwa hiyo wawili hao waliitana wajina, na mama mdogo hakuwahi kuingia mlangoni bila kuuliza kwanza wajina wake yuko wapi. Sikuwahi kuliona jina kuwa ni mali mpaka ile likizo ya Juni, alipotua begi lake, akanywa maji, akamwambia mama kwamba safari hii ataondoka na wajina wake akakae naye wiki tatu Kisumu. Nauli ilikuwa ya mtoto mmoja, alisema, na kitanda cha wageni kilikuwa kimoja na chembamba. Mama akaitikia kama jambo lililokwisha kuamuliwa siku nyingi. Mimi niliitwa Koku, jina la bibi aliyefia Bukoba kabla sijazaliwa, na bibi aliyekwisha kufa hampeleki mtu likizo.

Siku zilizofuata nilikondeana kwa wivu. Sina neno jingine la kuuita. Rejina alipelekwa kupiga picha ndogo za hati ya kusafiria, akarudi nazo nne, na ile iliyobaki baba aliibandika kwenye kioo cha kabati la vyombo, ikawa siwezi kuchukua kikombe bila kumwona amenikodolea macho. Alinunuliwa sketi mpya yenye mfuko wa ndani. Majirani walianza kumwita Mkenya, naye alikuwa anaitika. Usiku wa kwanza alisema "nikifika Kenya" mara mbili, nami nilizihesabu. Nilimwombea mafua, nikamwombea tetekuwanga, na siku moja nilipoona amekohoa nikaenda kumwambia mama kwa sauti ya huruma kwamba mtoto anaumwa. Mama alimgusa shingo, akasema ni vumbi tu.

Siku mbili kabla ya safari mama alitupeleka sote wawili mjini kwenye duka la kubadilishia fedha. Alikuwa ametenga shilingi elfu thelathini za Tanzania kwa ajili ya Rejina: anunue viatu vya shule huko, apelekwe kuona wanyama kwenye hifadhi iliyopo palepale mjini Kisumu, na asiwe mzigo kwa mwenyeji wake. Mama hakutaka kubadilisha pale mpakani Sirari kwa wale vijana wanaotembea na mabunda mkononi, kwa sababu, alisema, wanahesabu upesi kuliko jicho. Ndani ya duka kulikuwa na ubao wenye majina ya nchi na safu mbili za tarakimu, kununua na kuuza. Mama alisukuma bunda lake chini ya kioo, na yule mama wa upande wa pili akarudisha noti mbili za elfu moja na moja ya mia mbili. Rejina alizitazama, akatazama pale bunda lilipokuwa, kisha machozi yakamtoka. Mama alicheka, akamfuta kwa kanga, akamwambia kwamba shilingi ya Kenya ni nzito na atayaona mambo yake huko huko. Rejina hakuelewa, kwa kuwa shilingi aliyoijua yeye ilikuwa moja tu. Mimi nilielewa. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, nilikuwa nimeusoma ule ubao tangu tulipoingia, na nilikuwa nimeshagawanya kichwani kabla yule mama hajabonyeza kikokotoo chake.

Asubuhi ya safari mama alifunga zile noti kwenye leso, akaipachika kwa pini ndani ya mfuko wa sketi, akaniachia kazi ya kumvalisha mwenzangu wakati yeye anafunga zawadi ya sangara wa kukausha. Rejina alikuwa bado na huzuni. Aliniuliza kama elfu mbili zitatosha viatu. Nikamwambia hazitatosha, na kwamba mama alikuwa ameibiwa pale dukani ila anaona aibu kusema. Halafu nikatoa akiba yangu, noti nne za elfu moja moja nilizopata kwa kumsaidia mama kuanika dagaa tangu Krismasi. "Mimi ni dada yako," nilimwambia. "Chukua hizi elfu nne, unipe hizo elfu mbili. Shilingi ni shilingi." Macho yalimtoka. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana aliona ananidhulumu. Nilichomoa pini, nikabadilisha, nikamwachia ile mia mbili ili nijione mwema, kisha nikamwapisha asimwambie mtu. Alinikumbatia kwa nguvu sana, na mimi nikamfunga vifungo vya mgongoni.

Basi lilipoondoka nilipunga mkono kama watu wengine. Nilitegemea kufurahi, na kweli nilifurahi mpaka saa sita hivi, wakati nilipozitoa zile noti chini ya godoro na kugundua kwamba hakuna duka lolote Kirumba litakaloniuzia kitu kwa fedha ile, wala hakuna mtu mzima nitakayeweza kumtuma. Siku ya tatu mama mdogo alipiga simu kwa baba. Mtoto amefika na elfu nne za Tanzania, alisema, huku ni kama mia tatu, na ukimuuliza analia tu. Mama aliniita. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu, na ulitoka laini: nilimwonea huruma Rejina kwa kuwa hela zake zilikuwa zimepungua, nikampa zangu zilizo nyingi, sikujua. Mama alinitazama kwa muda, halafu akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Aliwasimulia wanawake wote wa Mwaloni. Alichukua zile noti za Kenya akaziweka, akanirudishia elfu nne zangu, na akaniongezea mia tano ya soda kwa moyo wangu mzuri.

Wiki tatu zilipokwisha Rejina alirudi na viatu vyake vya zamani. Mama mdogo hakuwa na fedha za kumpeleka kuona wanyama, kwa hiyo alichokijua zaidi cha Kisumu kilikuwa ua wa nyumba na ziwa lilelile tulilonalo sisi. Lakini alikuwa amebeba mkebe wa hesabu, mpya, wenye bikari na kipimapembe, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilimuuliza yeye alijinunulia nini. "Zile zilikuwa hela zako, dada," alisema. "Ningejinunuliaje?" Mkebe ule nilisomea nao mpaka kidato cha nne, na sikuwahi kuufungua bila kuchukia.

Leo mambo ni rahisi. Ninanunua nguo Kampala na Nairobi, ninaziuza mjini, na fedha ninazituma kwa simu kabla sijapanda basi. Hati yangu ya kusafiria imejaa mihuri. Rejina ni mwalimu wa shule ya msingi Igoma, na tangu Juni ile hajavuka mpaka tena. Mama amezeeka, lakini kisa kile ndicho kinachokaribisha wageni katika familia yetu, na Rejina ndiye anayekisimulia vizuri kuliko wote. Huiga sauti yangu, "shilingi ni shilingi", watu wakavunjika mbavu, na kila mara humalizia kwa kusema kwamba tulikuwa watoto, hatukujua. Sisi sote wawili. Ninacheka pamoja nao.

Desemba iliyopita mama mdogo alimwalika Kisumu binti wa Rejina, na jioni moja tulikuwa kwangu Butimba tukimfungia mizigo. Rejina akakisimulia tena kwa ajili ya mtoto. Alipofika pale pa "hatukujua", nilisikia mdomo wangu unasema, "Wewe ndiye hukujua." Alidhani ni mzaha. Alipoona sicheki, alimtuma mtoto akamwangalie bibi yake, mama yetu, sebuleni, akaendelea kukunja nguo mpaka alipomaliza ile aliyoishika.

"Ulinionea wivu, dada?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Kwa sababu ya Kisumu?"

Nikamwambia kwa sababu ya wajina, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akiingia mlangoni na kumuulizia yeye. Nilitazama mikono yake, nikawaza jinsi mtu huyu alivyonitetea miaka yote kwa neno moja, bila kujua kwamba ananitetea, na jinsi nyumba yote inavyomsogelea anapoanza kusimulia.

"Na sasa wivu umeisha?"

Ningeweza kumdanganya, nilikuwa nimezoea. Nikamwambia bado.