Mubanga wa Daraja

Ambroise Lumbu, fundi wa mbao wa Kamina, alikuwa na kinyongo na kijito. Mwaka jana alikijengea daraja la kwendea mashamba ya mihogo, akatumia ekaliptisi, miti iliyonyooka, mizuri machoni. Mvua hazijaisha, nguzo zikaoza palepale maji yanapopanda na kushuka. Mkewe Bitota akatumbukia na beseni lake. Mguu ulivunjika, na mpaka leo anachechemea.

Safari hii aliapa nguzo zitakuwa za mubanga. Mubanga unapinda misumari, unamaliza meno ya msumeno, ukiutupa majini unazama. Lakini ukiuchonga ukabaki moyo wake mweusi, wajukuu wataukuta umesimama. Kuupata sasa ndiyo ilikuwa kazi. Sokoni kila muuzaji alimjibu vilevile: mubanga hakuna, ekaliptisi njo iko, uchukue. Ambroise akasonya, akakumbuka mti mmoja alioutia alama ya shoka porini, njia ya Kaniama. Akapanda pikipiki, akala vumbi mpaka kwenye kope.

Alikuta kisiki. Kando yake udongo mweusi, mahali walipochomea makala, makaa ya kupikia. Akaketi juu ya kisiki, akawatukana wachoma makala na ukoo wao wote, na hapakuwa na wa kumsikia. Mti wa kukaa majini miaka na miaka, eti umechomwa ili watu waivishe sombe, majani ya mihogo. Roho ilimuuma sana.

Alifika nyumbani jioni, bado anafoka. Bitota akamtengea bukari, ugali wa moto.

“Kula ingali moto, Baba Tshala. Leo sikupepea hata kidogo. Nilipata makala ya muzuri, ya mubanga. Haimalizike mbio.”

“Ulipata wapi?”

“Kwa bale banatokaka njia ya Kaniama.”

Ambroise akaitazama mbabula, lile jiko la makaa, makala mekundu yakiwaka taratibu. Akanawa mikono. Akala. Bukari ilikuwa tamu, na hilo likamuudhi zaidi.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Asubuhi alirudi sokoni, akanunua ekaliptisi, akajenga bila kuimba.

Alipomaliza, Bitota alikuja na beseni kichwani, akiburuta ule mguu. Akasimama mwanzo wa daraja.

“Iko mubanga?”

“Hapana, mama. Mubanga tulisha kuikula,” alisema Ambroise, akamshika mkono wavuke.