Sauti Iliyorudi Nzito

Justa Mayala aliongoza sauti ya kwanza kwa mara ya mwisho siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2019, katika kanisa dogo la bati kwenye mteremko wa mawe huko Mkolani. Mwezi wa sita alifanyiwa upasuaji wa goita. Uvimbe ukaondoka shingoni, na sauti ikaondoka nao. Daktari alikuwa amemwonya mapema: mshipa unaoendesha sauti unapita hapo hapo, na ukiguswa unaweza kuchoka, ukarudi au usirudi.

Anayekaanga samaki ufukweni Igogo bila sauti ana kazi. Justa alibaki na mnong'ono uliozama mara mafuta yalipochemka. Akachukua mfuniko wa sufuria na mwiko, akawa anagonga ili wateja wageuke. Mtaa, uliomjua kama Mama Selina, ukamwita Mama Mfuniko. Alicheka nao. Nyumbani hakucheka, wala hakukaa. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akapanga kuni, akazipangua, akazipanga tena. Mumewe, Mayala, akimwambia apumzike, alitafuta kazi nyingine. Kanisani alihama benchi la kwaya akakaa mlangoni, wa mwisho kuingia na wa kwanza kutoka.

Maombi yalikuwa mengi, lakini sauti ilirudishwa na korongo. Ilikuwa masika ya mwaka jana. Mmoja wa wale ndege warefu wenye upara, wanaozurura ufukweni kama wazee wa baraza, alidonoa sato mzima kutoka kwenye sinia.

"We! Weka chini!"

Korongo akaangusha samaki. Raya, anayeuza chai na chapati meza ya jirani, akageuka kumtafuta mwanamume aliyefoka.

"Mama Selina, ni wewe?"

"Ni mimi?" Justa akauliza, kwa sauti ile ile nzito, mkono ukiwa kooni.

"Alhamdulillahi! Sasa huo mfuniko ukafunike sufuria, masikio yangu yapumzike."

Kanisani kwao, aliyerudishiwa kilichopotea hupita mbele na watu wake kutoa shukrani, na desturi ni aanzishe wimbo yeye mwenyewe kabla mchungaji hajaomba. Justa alipangiwa Jumapili, akaahirisha. Akapangiwa nyingine, akasingizia mafua. Kila alfajiri alipanda kwenye mawe nyuma ya nyumba, akaujaribu wimbo wake wa Pasaka pale juu alipouacha. Sauti ilipanda kidogo, ikakatika. Aliogopa jambo moja, na hakumwambia mtu kwa muda mrefu: akishukuru sasa, Mungu atadhani yametosha.

Hatimaye alimwambia Mayala.

"Ng'ombe akipotea, akarudi amevunjika pembe," Mayala akasema, "unamrudisha porini akaitafute?"

"Wewe na ng'ombe wako."

"Nauliza tu."

Akapangiwa Jumapili ya tatu. Siku moja kabla, alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya, Nestory, ambaye pia huimba sauti ya tatu, akamtolea sauti ya kuanzia. Justa akaanza juu. Mstari wa pili sauti ikapasuka kama kuni mbichi motoni. Mabinti wa sauti ya kwanza wakatazama viatu vyao.

"Mama Selina," Nestory akasema, "huko juu ulishahama. Njoo kwetu sauti ya tatu. Tuko watatu, na mmoja anasinzia."

"Kwa wanaume?"

"Kwa wenye sauti nzito. Kuwa wanaume ni bahati mbaya tu."

Kwaya ikacheka. Justa akajifunga kitenge chake, akatoka. Alitembea kwa miguu hadi Buhongwa, ambako hakuwa na shughuli, akauliza bei ya nyanya, hakununua, akarudi. Jioni alisugua karai lililokwisha kung'aa. Mayala akauliza kama ampigie mchungaji waahirishe.

"Usimpigie mtu," Justa akasema, akaendelea kusugua.

Jumapili alipita mbele na Mayala, na binti yao Selina, na Raya ndani ya hijabu yake, kabeba beseni la sato wa kukaanga. Shemasi alimtazama mara mbili. "Wamesema watu wake," Raya akamwambia, "na mimi ni mtu wake."

Justa akasimama mbele ya madhabahu. Akaegemea mguu wa kushoto, akahamia wa kulia, akarudi wa kushoto. Nestory hakumtolea sauti yoyote, alimwachia. Justa akafungua mdomo, akaanzia pale pale alipomfokea korongo.

Wimbo ulikuwa ule wa Pasaka, lakini chini kabisa. Sauti ya kwanza wakaingia, wakakuta hawafiki huko, wakaguna. Mmoja akaangua kicheko. Sauti ya tatu wakampokea, hata yule msinziaji. Justa akaisikia sauti ikitetemesha mbavu zake. Muda wote aliitafuta kooni, kumbe ilikuwa imehamia kifuani. Ubeti wa pili akacheka katikati ya neno, machozi yakamfikia midomoni, akaendelea kuimba. Miguu haikutulia bado. Ilikuwa inacheza.

Mchungaji akamwuliza anashukuru kwa lipi. Alikuwa ameandaa maneno marefu, yote akayasahau.

"Nashukuru kwa hii."

"Ipi, mama?"

"Hii mnayoisikia."

Nyuma yake Raya akapiga kigelegele, na kwaya ikamjibu.

Mazoezi ya nyimbo za mavuno yanaanza Jumamosi, saa kumi alasiri. Nestory ameongeza kiti cha nne kwenye safu ya sauti ya tatu, na Justa ameshamwambia Raya kwamba siku hiyo atafunga meza mapema.