Mgeni wa Mama Kanta Aliyekataa Chakula

Enzi zetu, mtoto akiahidi jambo mbele ya mtu mzima, ahadi hiyo ilihesabiwa kuwa ya nyumba nzima. Ndiyo maana Mama aliduwaa siku niliyosimama katika duka la nafaka la Mama Kanta, mjini Bungoma, nikamwahidi mwanamke huyo kwamba nyoka wake hatafia mikononi mwetu.

Mama Kanta alikuwa Mhindi mzaliwa wa Bungoma, mjane mwenye miwani mizito na kicheko cha ghafla. Nyoka huyo aliishi katika stoo yake, nyuma ya magunia ya maharagwe, akila panya. Sasa stoo ilikuwa ibomolewe ijengwe upya, na wapagazi walikuwa wameapa kumkata kwa panga. Mama Kanta, ambaye dini yake ilimfunza kumheshimu nyoka, alimwomba Baba, mwalimu wa biolojia huko Kitale, amhifadhi mpaka ujenzi uishe.

"Huyu amekaa duka yangu kuliko karani yangu," alimwambia Mama, "na hajaniibia hata punje."

"Mama Kanta, si ungenipa tu sukari niende nayo?" Mama akamjibu.

Baba aliinama nyuma ya magunia, akaitazama mistari miwili ya rangi ya maziwa iliyotoka puani pa nyoka na kupita kwenye jicho. Akasema ni nyoka wa nyumba, hana sumu. Hapo Mama Kanta akanigeukia mimi. "Na wewe, utamrudisha mzima?" Nikasema nitamrudisha. Tukaenda naye Kitale ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba, Mama akiwa amekaa mbali na mfuko huo kadiri kiti cha matatu kilivyomruhusu.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka Kitale ya siku zile. Mtaikumbuka baridi ya Julai iliyopenya sweta ya shule, moshi wa mahindi mabichi yakichomwa, chai yenye utando wa maziwa juu yake. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, hadi vidole vikapasuka, tukasukuma magari ya waya, tukacheza kati, tukiukwepa mpira wa matambara, mpaka sauti ya mzazi ituite ndani. Na mtakumbuka jinsi mgeni alivyotendewa. Kwetu hakuulizwa kama ana njaa. Aliwekewa sahani, kisha akasihiwa na kila mtu kwa zamu: ongeza kidogo, kwani chakula chetu kina nini? Mgeni aliyeondoka bila kula aliiacha nyumba na aibu.

Dada yangu Nanjala na mimi hatukujua njia nyingine ya kumpokea mgeni. Tulimweka nyoka chumbani mwetu, ndani ya sanduku la mbao lenye wavu, kisha tukaanza kumkaribisha. Tulimfungulia asubuhi, tukamfungulia tuliporudi shuleni. Tulimletea maziwa kwenye kifuniko, tukamletea kumbikumbi waliokaangwa, hata tonge la ugali na mboga ya mrenda. Nanjala alilitazama tonge lile likikauka, akasema kwa huzuni, "Mtu wa Bungoma akikataa mrenda, ujue ni mgonjwa." Tulimshika tukambembeleza, tukawapa watoto wa jirani nao wambebe. Yeye alijikunja, akaficha kichwa, na siku moja akamuuma Nanjala kidoleni. Lilikuwa jeraha dogo kama la mwiba, lakini lilituumiza moyo. Tulikuwa tumekosea wapi?

Hakula. Ngozi yake ilianza kulegea ubavuni. Mama hakuwa amekanyaga chumba kile tangu mgeni afike, lakini kila jioni aliuliza akiwa ukumbini, "Amekula?"

"Hapana, Mama."

"Mgeni afe njaa nyumbani mwangu? Nitamwambia nini Mama Kanta, kwamba nilimnyima?"

Hatimaye Baba alituketisha. "Mnampenda," alisema, "lakini mnamsumbua. Mkono unaomshukia kutoka juu, kwake huo ni mwewe. Huyu ni mgeni anayekula akiachwa peke yake. Tena ametoka Bungoma kwenye joto. Nyoka akiwa na baridi, tumbo lake halifanyi kazi."

Joto. Katika nyumba yetu, mahali pekee palipokuwa na joto mchana kutwa ni kibanda cha nyuma ya jikoni, ambamo Mama alilea vifaranga kando ya chungu cha makaa. Baba akakohoa kidogo kabla ya kumtajia Mama jambo lenyewe.

"Ati nyoka akae na vifaranga wangu?"

"Nje ya boma lao, Mama Nanjala. Upande wa pili wa mbao, na sanduku limefungwa."

Mama aliendelea kuchambua mboga kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaokota nusu ya chungu kilichovunjika, akampa Baba. "Basi ajifiche chini ya hiki. Na akiwatazama vifaranga wangu, nitajua."

Sanduku lilifunikwa kwa kitambaa, tukaagizwa kubadilisha maji tu na kuondoka. Sijawahi kupewa kazi ngumu kuliko hiyo ya kutofanya kitu. Tulipita kando ya sanduku tukiwa tumefunga mikono nyuma, kama watu wanaopita mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Baada ya siku kadhaa Baba alichukua panya aliyekufa mtegoni, akampasha moto katika maji ndani ya kikombe ambacho hakikurudi jikoni tena, akamwacha karibu na kile chungu.

Asubuhi panya hakuwepo. Nanjala alitaka kupiga kelele, akakumbuka, akaziba mdomo kwa mkono wa sweta. Mama alipoambiwa aliingia jikoni, na siku hiyo tulikula chapati, na haikuwa Jumapili wala Krismasi.

Ndipo Baba akatufunza kumshika. Kwanza tumwache chakula kitulie tumboni. Kisha tuketi sakafuni, tuweke mkono chini, ubavuni pake, tumwache achague. Akigeuka aende zake, tumwache aende. Siku aliyochagua, ulimi wake ulinigusa kidole kama uzi, kisha akapanda polepole na kuingia ndani ya mkono wa sweta yangu kutafuta joto. Nilikaa bila kupumua sana. Kufikia Desemba hata Mama alikuwa amemgusa, kwa ncha ya kidole. "Kumbe ni mkavu," alisema. "Na mimi miaka yote nikidhani ana utelezi."

Tulimrudisha stoo ilipokamilika. Mama Kanta aliunganisha viganja vyake kumkaribisha. Nyoka akashuka kutoka mkononi mwangu, akapotea kati ya magunia bila kugeuka. Machozi yalinitoka. Mama akamtazama akitokomea. "Hata kwaheri? Na chakula chote kile." Mama Kanta alicheka mpaka akavua miwani.

Alipomaliza kucheka aliniinamia. "Ahadi ya huyu umetimiza," alisema. "Na nyoka wengine je?" Niliitikia kwa kichwa, nisijue nimeitikia jambo la ukubwa gani.

Leo Mama Kanta ni marehemu, na dukani pake panauzwa vifuniko vya simu. Vijana wetu hulea paka wa kwenye skrini, na paka huyo akifa humfufua kwa kubonyeza. Siwacheki sana; hakuna aliyewapa sanduku na kuwaambia wasubiri. Lakini juzi, sokoni Misikhu, nilikuta kundi limeinua simu juu. Kijana mmoja niliyemfundisha akaniita, "Niaje, mwalimu! Kuja uchukue video, bana." Nilisogea. Chini ya mawe alilala nyoka mwembamba wa kahawia, mwenye mistari miwili ya maziwa iliyopita kwenye jicho. Nilikuwa nimechelewa. Nilimweleza kijana yule alikuwa nyoka gani, naye akaishusha simu polepole. "Si tungejua, mwalimu," akasema.

Peke yangu siwezi kuwahi kila soko. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: ukimwona nyoka, usimshike na usimpige. Rudi nyuma, waondoe watoto, muite mtu anayewajua nyoka, na umwachie njia ya kwenda zake.