Taa ya Chumvi na Msimu wa Ndege

Sisi tuliosoma Ifakara wakati mto bado unavukwa kwa kivuko hatukujifunza kemia kwa vikatuni vya simu. Tuliishika kwa mikono. Ukirudi nyumbani sketi ina madoa ya buluu ya mrututu, ile salfeti ya shaba, mama anajua leo mlikuwa maabara. Kijana wa leo mwambie abomoe betri iliyokufa atoe ganda la zinki, atakuuliza kama hakuna video ya kuangalia badala yake.

Nilikuwa kidato cha tatu, na kemia nilikuwa naiweza, sitajifanya mnyenyekevu. Tatizo lilikuwa mpunga. Ukianza kutoa masuke, familia zilihamia mashambani kwenye madungu, na watoto ndio waliolinda ndege tangu alfajiri. Msimu ule baba, mtu wa Mahenge asiyependa kubishiwa, alisema zamu ni yangu, shule itasubiri. Wote tulijua shule haisubiri mtu. Dada yangu alikwenda kulinda ndege akarudi mchumba wa mtu, na darasani hakuonekana tena.

Mwalimu wetu wa kemia alimfuata baba nyumbani, akamsihi aje kwanza siku ya wazazi aione kazi yangu. Baba akakubali kwa shingo upande. Akiona kitu cha maana, nabaki. Asipoona, kesho yake nabeba mkeka.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwasha taa kwa chumvi. Tulipanga glasi jozi mbili, kila jozi upande mmoja zinki ndani ya maji ya chumvi, upande wa pili shaba ndani ya maji ya mrututu. Juu tuliunganisha waya, na kati ya glasi na glasi tukalaza utambi uliolowekwa maji ya chumvi. Hilo ndilo daraja la chumvi. Taa ilikuwa kile kinundu chekundu kinachowaka redio ikiwashwa, tulichong'oa kwenye redio mbovu.

Siku ikafika, wazazi wamejaa, nikaunganisha waya. Taa haikuwaka. Nikaunganisha tena. Baba akaanza kutazama viatu vyake, na mwenzangu Sesilia akawahi kulia kabla yangu.

Nikainua utambi nikaunusa. Tulikuwa tumezichomoa tambi kwenye vibatari vya nyumbani, nazo zilishiba mafuta ya taa, maji ya chumvi yakakosa pa kuingia. Nikachana leso yangu vipande, nikavilowesha vizuri, nikavilaza mahali pa tambi. Taa ikawaka, ndogo kama punje ya mtama, lakini ikawaka.

Hapo nikamweleza baba mbele ya watu wote. Upande wa zinki madini yanayeyuka, chaji chanya zinajazana. Upande wa shaba chanya zinaganda kwenye shaba, hasi zinabaki peke yake. Zikiachwa hivyo umeme unakatika mara moja. Ayoni za chumvi ndizo zinazosawazisha: kloridi inahamia kwenye zinki, sodiamu inahamia kwenye shaba, zote zikipita ndani ya kitambaa chenye maji. Nikamwambia ni kama kivuko chetu, kikilala, huku tunasongamana na ng'ambo, Lupiro, wanakosa watu.

Baba aliinama akaitazama ile taa kwa karibu.

"Ndege nitafukuza mwenyewe," akasema, akatoka.

Alirudi baada ya mavuno sauti imemkauka kwa kuwapigia kelele kwelea. Sauti hiyo ilichukua muda mrefu kurudi, na haikurudi yote. Mama alimtania kwamba hatimaye nyumba imepata utulivu.

Leo mto una daraja, madungu yana taa za sola, na kemia nafundisha mimi. Wanafunzi wangu wanaziona ayoni kwenye skrini zikikimbia na mishale ya rangi. Wanaelewa upesi kuliko sisi, sikatai. Hata hivyo kila mwaka nachana leso na kuwasha taa mbele yao, na ikiwaka najikuta natazama mlangoni, ingawa baba tulishamzika.

Wananicheka kwamba nafundisha kwa sauti kubwa mno. Hawajui kuna mtu aliyeimaliza ya kwake shambani ili mimi nibaki darasani.