Chuma cha Kupigwa Risasi

Yule mama alifika karakana Jumanne asubuhi, karatasi mkononi, bado amevaa kitambulisho cha kazini shingoni. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mkazi wa Berea, mtaa wa hapa Durban. Kwenye karatasi alikuwa amechora maduara sita, kila moja upana wa sahani ya chakula, na chini yake umbo la mtu kuanzia kichwa hadi kiunoni. Alikuwa amenunua bastola na alitaka shabaha za chuma za kujifunzia.

Bosi wangu aliitazama karatasi, akanipa mimi. Yeye ni Mwislamu mzaliwa wa Durban, wa ukoo wa wale watu waitwao Wazanzibari, walioishi mtaa wa Bluff tangu zamani, na Kiswahili chake ni kile alichobakiziwa na bibi yake.

"Fundi, utaweza?"

"Nitaweza, mzee."

Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa hapo Jacobs, eneo la viwanda, nikichomelea mageti na nondo za madirisha. Sikuona ugumu wowote kwenye duara la chuma.

Nilianza na yale maduara, nikayakata kwenye chuma cha kawaida. Baada ya wiki mbili aliyarudisha. Kila risasi ilikuwa imechimba shimo, kama mtu aliyebonyeza kidole kwenye ugali, na kipande kimoja cha risasi kilikuwa kimeruka nyuma kikamkwaruza mkono. Nilimwomba radhi. Bosi akatafuta bamba gumu lililotolewa chini ya bodi la lori la kubebea mawe, chuma ambacho kinamaliza meno ya msumeno. Safari hii sikuchomelea kitu juu yake, maana moto hulainisha chuma cha namna ile. Nilitoboa matundu, nikafunga bolti na minyororo, nikayainamisha mabamba kidogo mbele ili vipande vya risasi viangukie chini.

Kwa umbo la mtu hatukuwa na kipimo. Bosi alitandaza katoni ya friji sakafuni.

"Lala hapo," akasema.

Nililala chali. Chaki ikapita kando ya masikio yangu, ikashuka shingoni, ikazunguka mabega. Bosi alikuwa anacheka kidogo, anasema nimenenepa tangu anipe kazi. Niliposimama na kuitazama ile katoni sikujiona mimi. Nilimwona kaka yangu. Tulikuwa na mabega ya aina moja, mapana, la kushoto limeshuka kidogo. Kule kwetu Uvira watu waliniita kwa jina lake, naye kwa langu, kila walipotuona kwa nyuma.

Nilikata umbo lile kwa siku mbili, kazi ya saa tatu. Kila moto ulipofika bega la kushoto nilizima gesi, nikaenda nje kunywa maji.

Jumamosi nilimpelekea kwenye shamba moja nje ya mji, ambapo watu huruhusiwa kulenga shabaha. Bosi alinikabidhi bakki yake, gari dogo la mizigo, nikaenda peke yangu. Nilimsaidia mama kutundika mabamba, kisha nikasimama mbali, nyuma ya gari. Alipiga maduara kwanza. Yalilia kama kengele ndogo, na nilivumilia. Halafu akageukia lile umbo la mtu. Lile lilikuwa zito. Halikulia kama kengele. Lililia kama mlango.

Nilijikuta kifua kwenye majani, mikono juu ya kisogo. Sikukumbuka nilivyofika chini.

Mama aliweka bastola mezani, akanijia.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

Hakuniinua. Alikaa kwenye majani karibu yangu, akaniambia kwa nini alitaka umbo lile. Mume wake aliuawa getini kwao. Aliyemuua alikimbia, na mama hakuona uso, aliona mgongo tu na mabega.

"Nilidhani nikimpiga vya kutosha ataondoka," alisema.

"Ameondoka?"

"Bado."

Labda ni kwa sababu hakunificha kitu, nami nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kaka yangu kumi na tisa. Mapigano yaliingia mjini tukiwa sokoni. Mwenye duka mmoja alikuwa anavuta mlango wake wa chuma, watu wanajisukuma ndani. Kaka alinisukuma nami nikaingia, kisha yeye akarudi kumwokota mwanamke mzee aliyeanguka barabarani. Mwenye duka akasema fungeni. Aliyekuwa karibu na komeo ni mimi. Nikalisukuma. Risasi zikaanza kupiga mlango, na katikati ya risasi kulikuwa na kiganja kinagonga. Kiganja na risasi havifanani. Tulipofungua alasiri hapakuwa na mtu, na mwili wake haujapatikana mpaka leo. Nyumbani nilisema aliyefunga ni mwenye duka.

Mama hakunipa pole. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

Alinisaidia kulifungua lile umbo kwenye minyororo, akasema nilichukue, maduara yanamtosha. Nilirudi nalo nyuma ya bakki, na kila niliposimama kwenye roboti nyekundu, zile taa za barabarani, lilisogea na kugonga bodi. Bosi aliniambia nilikate, chuma kile ni cha thamani. Niliwasha gesi mara mbili nikaizima. Liko mpaka sasa nyuma ya karakana, nimeligeuzia ukutani.

Jumapili baada ya kanisa nilimpigia simu mama yangu Uvira. Nilisema kabla sijapoteza nguvu.

"Mama, siku ile mwenye duka hakufunga. Ni mimi nilifunga."

Nilisikia kuku wa kwake, na mtu anatwanga mbali.

"Nilijuaka," akasema.

"Ulijua namna gani?"

"Ulirudi na ukucha wa kidole gumba umebanwa, umejaa damu nyeusi. Kesho yake nilienda kwa yule mwenye duka kumshukuru. Nikaona komeo lake, namna linabanaka kidole."

"Mbona haukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja uniambie wewe."

Nilimuuliza kuhusu yule mwanamke mzee. Mama alisema alipona, na alikuja kwenye matanga. Bibi huyo alisimulia kwamba kaka alimlaza kwenye mtaro, akamwambia asinyanyuke, kisha akarudi mbio kwenye mlango.

Kwa hiyo kile kiganja kilikuwa chake. Miaka yote nilikuwa nimejiachia nafasi ndogo kwamba ni cha mtu mwingine.

"Bado unasikiaka anagonga?" mama akauliza.

"Nasikia, mama."

"Na mimi nasikia," alisema. "Na sikukuwa pale."