Wajibu wa Kuitika

Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na sita alipoanza kuitikia salamu ambazo hakuna mtu aliyezitoa. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja katika duka la vitenge la baba yetu mdogo, kule Asiatique, mtaa wa maduka. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na meza ya kupimia, mimi nilikuwa nyuma, stoo. Nilikuwa namsikia akisema kwa upole, "Waaleikum salaam," nami nikitoka kumhudumia mteja simkuti mtu. Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba wateja walikuwa wakisalimu na kupita.

Fundi cherehani aliyeshona barazani ndiye aliyeona mapema.

"Ustadhi, leo majini wamekuja wangapi?"

"Watatu," mdogo wangu alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mita. "Lakini awanunui kitu."

Tulicheka wote, na yeye alicheka. Alikuwa ametuambia ukweli.

Baadaye alikuja kukaa siku mbili bila kula, akisema wale watatu wanakisema vibaya chakula chetu, na hapo ndipo tulipompeleka kwa daktari. Daktari alitaja jina la ugonjwa kwa Kifaransa. Mimi shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nililiandika kama nilivyolisikia: skizofreni. Kisha nilinunua kitabu cha utabibu kwa wauza vitabu vikuukuu, nikawa nasoma ukurasa mmoja kila siku baada ya alasiri, kamusi pembeni, daftari mbele yangu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kila ninachokijua, na sikuona kwa nini jambo hili liwe tofauti.

Kitabu kilisema mgonjwa husikia sauti zisizokuwepo. Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Apana, kaka. Sauti ziko. Wenyewe ndio awako."

Nikamuuliza kama ni sawa na kuwa na redio kichwani.

"Redio unajua imewekwa wapi. Hizi zinatoka pale mutu angesimama." Alinionyesha: mmoja kando ya rafu ya khanga, mwingine mlangoni, na mwanamke mmoja nyuma ya bega lake la kushoto. Walieleza kila alichofanya. Sasa anakunja. Sasa anakata, atakata vibaya. Wakati mwingine walimtukana. Lakini kila asubuhi walianza kwa salamu, na hilo ndilo lililomtesa. Kutoa salamu ni sunna, kuitika ni wajibu. Tulifundishwa hivyo kabla ya kujifunza kusoma. "Mutu akinisalimia ninyamaze? Nimukosee Mungu kwa sababu simuoni?"

Vidonge vilipunguza ukali wa sauti hizo. Havikuziondoa. Mikono yake ilianza kutetemeka na alinenepa haraka, ila kitambaa alikikata kwa mstari ulionyooka kuliko mimi.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Aliniita stoo akafunga mlango. "Wanawake wanakuja kuchagua kitambaa cha arusi, huyu anaongea na rafu. Akiendelea hivi, mi nitamurudisha nyumbani." Nilijua maana ya nyumbani. Katika mtaa wetu wa Mutanga Nord ninazijua nyumba mbili ambako mtu wa namna hii amewekwa chumba cha nyuma, na majirani wamesahau jina lake. Kile kiti dukani ndicho kilichombakisha mdogo wangu kati ya watu. Niliazimia asikipoteze.

Nilitunga kanuni. Ukisikia salamu, tazama mdomo. Mdomo ukitembea, itika. Usipouona mdomo, nyamaza, na dhambi iwe juu yangu. Tulifanya mazoezi Jumapili nzima duka likiwa limefungwa. Nilimsalimu kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka barazani, nikaandika matokeo kwenye daftari. Baada ya wiki tatu hakukosea tena. Rafu ilinyamaziwa. Mteja akisalimu kwa nyuma, mdogo wangu aligeuka kwanza, akamtazama usoni, ndipo akajibu. Baba mdogo alimpiga bega: "Eh! Sasa umerudi mutu." Nilijivunia kanuni ile. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mama yetu wakati huo hakuwa akitoka chumbani. Sukari ilikuwa imemharibu miguu. Chumba chake kiko kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, na mlangoni kuna pazia. Kila asubuhi alipomsikia mwanawe anapita kwenda kazini alimsalimu kutoka kitandani, na mwanawe alimjibu akiwa ukumbini. Siku moja mama aliniuliza, "Mdogo wako nimemkosea nini?" Nikasema labda ni vidonge, vinamfanya asinzie.

Asubuhi nyingine nilirudi ndani kuchukua funguo. Nilimkuta amesimama mbele ya pazia, mkoba mkononi, jasho linamtoka ingawa kulikuwa na baridi ya mvua. Ndani mama alisema, "Asalaam aleikum, mwanangu." Akanyamaza kidogo, akarudia. Mdogo wangu alikuwa amebana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Mara ya tatu mama alisema taratibu zaidi, kisha hakusema tena.

Nilimvuta hadi uani.

"Mbona humwitikii mama?"

"Sijaona mudomo."

"Si ufunue pazia!"

"Nifunue pazia ya mama bila ruhusa? Labda ajavaa. Na nikiomba ruhusa, nani atanijibu? Sauti tu."

Alikuwa sahihi. Kanuni yangu haikuwa na mlango wa kutokea.

"Lakini hii sauti unaijua. Ni ya mama."

Alitazama chini. "Yule mwanamke wa begani anatumia sauti ya mama. Tangu kiangazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeandika."

Mvua ilikuwa inaanza tena. Nilimwambia kanuni imekwisha: aitike zote, aliyemwona na asiyemwona.

"Na dukani?"

"Na dukani."

"Baba mudogo atanitoa, kaka."

Nilisema nitazungumza naye. Nilizungumza, na baba mdogo alikubali kujaribu. Siku ya nne walikuja dada wawili kutoka Gihosha kutafuta kitambaa cha harusi. Mdogo wangu alikuwa ameshawakunjulia majora mawili alipogeuka kwenye rafu akaitikia, mara moja, mara ya pili. Yule dada mdogo alishika mkono wa mwenzake. Waliondoka kwa adabu, wakisema watarudi. Baba mdogo hakugomba. "Mi simufukuzi," aliniambia. "Apumuzike tu."

Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani aliniuliza nani atakaa kwenye kiti chake. Nilisema hakuna, na sikuwa najua kama nasema kweli. Alitaka kujua pia kama dhambi za zile wiki zote alizonyamaza bado ziko juu yangu. Nikamwambia ziko.

Hadi leo anavaa kila asubuhi shati la kazi na kuning'iniza utepe wa kupimia shingoni. Anapita ukumbini. Mama anasalimu, naye anaitika palepale, kwa sauti yake ya upole ya zamani. Kisha anageuka kidogo, anaitika tena, na tena, akitulia kati ya jibu na jibu kwa muda ambao mtu angehitaji kusema. Hapo mwanzo mama alikuwa akimkatiza kwa swali: amelala vipi, amekunywa chai. Siku hizi amejifunza kumsubiri amalize. Kukiwa kimya ndipo anamuuliza, na mdogo wangu anakaa chini sakafuni, nje ya pazia, kwa sababu hana tena pa kuwahi.